Kidimbwi ya Mama ya Samaki

Weye, samaki alishaka kukutekenya miguu? Sisemi ile saa unavuka muto na woga, hapana. Nasema saa umekaa chini, matako ndani ya maji, kitambaa umeifunga kiunoni, na kambale anakuja na ndevu zake anakugusa hapa nyuma ya goti, polepole, sawa mutoto anaangalia kama mama yake amelala kweli. Kama haujajua hiyo, sogea karibu nikuelezee, juu kukaa ndani ya maji ilikuwa kazi yangu. Mwengine anakuwa mwalimu, mwengine anauza mafuta ya mawese, mimi nilikuwa wa kukaa.

Mugini yetu iko pale muto yetu ndogo inaingilia mu Luama. Ukitoka Kasongo na piki piki, mugongo itakuuma, lakini utafika. Pale pa kuingilia tunapaitaka kinywa ya muto. Iko majani marefu, matete, na maji ya kulala. Wakati wa mvua Luama inavimba, inasukuma muto yetu nyuma, maji inatandaa mu majani, jua inaipiga, inakuwa na joto. Samaki za Luama, zile mama mama, zinajua. Zinaacha maji ya nguvu zinaingia mule kutaga. Watoto wao wanapata ya kula, wanapata pa kujificha, na maji haiwapeleki. Mimi nilisoma mpaka kilasi ya pili tu, mwalimu akaoa dada yangu na kilasi ikaisha, lakini hiyo hauhitaji kilasi. Kinywa ya muto iko maternité, nyumba ya kuzalia ya samaki.

Kiangazi kikifika, maji inashuka, kunabaki vidimbwi vidimbwi ndani ya majani. Ile ndiyo saa yetu sisi wanamuke. Wanaume wako na mitumbwi na nyavu zao kule mu Luama, sisi tuko na kinywa ya muto. Tunajenga ukuta ya udongo na majani, tunatenga kidimbwi, halafu tunakamua maji na karai, na bakuli, na sahani yenye kutoboka, kila mutu na chombo chake. Tunaimba, tunachekana mapaja, yule mwenye bwana mulevi tunamupigia hadisi yake. Maji inaisha, samaki zinabaki zinapiga matope, tunaokota.

Lakini kidimbwi ya mwisho hatuikamui, inabaki mbegu ya mwaka kesho. Na hapo hakuna polisi, hakuna shefu. Mwanamuke mukubwa anaingia, anakaa. Basi. Imekwisha. Nani atakamua maji chini ya mama mukubwa? Iko sawa kumuvuta mukeka wakati amelala juu yake. Mi nilipofika kwetu bibi-arusi mupya, sikujua. Mama mukwe wangu alikuwa amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, anatafuna kitu, mimi nakuja na karai yangu, na nguvu yangu yote ya bibi-arusi.

Nikamwambia, "Mama, toka kidogo, tumalizie."

Wanamuke wakaanza kukohoa, kumbe wanacheka.

"Unataka kunikamua na mimi?" akaniuliza.

"Hapana, mama, maji tu."

"Basi kamua kwa bwana yako. Hii ni kidimbwi ya mama ya samaki."

Nilibeba karai yangu nikaiweka kichwani sababu ya haya. Mpaka leo wale waliokuwa pale, wanaobaki, wakiniona na karai wananiuliza kama nimekuja kumukamua nani.

Sasa, kuna kitu moja. Yule wa kukaa anaweza kukamata samaki moja, na mukono, bila kukamua maji. Moja tu, na si kila siku. Ni wakati mu nyumba yake kuna mwanamuke amezaa. Anangoja mpaka kambale mwenyewe amekuja kumutekenya, anapitisha mukono chini ya tumbo yake, hivi, anamubeba. Ile samaki inapikwa na maji mengi, chumvi kidogo, bila pilipili, na muzazi anakunywa ile supu maziwa ishuke. Mama mukwe alinikamatia kila mara nilizaa. Akafariki, na kiangazi iliyofuata wanamuke walisimama pale na vyombo vyao, wananiangalia mimi. Nikaangalia nyuma yangu nione wanamuangalia nani. Hakukuwa mutu. Nikaingia, nikakaa.

Weye, nilifurahi. Sitakudanganya. Kambale ya kwanza ilikuja nikapiga kelele na watu wakakimbia, wakafikiri ni nyoka. Nilikamatia wake za watoto wangu wote. Mmoja kati yao, mulefu yule, alikuwa anazaa kila mara, nikamwambia samaki zinaanza kulijua jina lake.

Halafu kuna bwana yangu. Usishangae, kwetu mujukulu mwanaume ni bwana ya koko yake. Huyu nilimulea mimi, alikuwa analala kwa mugongo wangu mpaka miguu yake inagusa chini. Alipokuwa mukubwa akaenda Salamabila kuchimba dhahabu, sawa wote. Nililia, nikanyamaza. Akarudi na tumbo na simu mbili na viatu vya kuonyesha vidole.

"Koko, sasa niko PDG," akasema.

"PDG ni nini?"

"Ni mwenye shimo."

"Shimo hata panya iko nayo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini akanijengea nyumba. Akaondoa majani juu, akaweka mabati. Mvua ikinyesha siwezi kusikia mutu anayeniita, na hiyo pia ni raha, kuna watu wengine napenda nisiwasikie.

Basi yeye na wenzake, wa Salamabila, wa Bukavu, wa wapi wapi, waislamu, wakristo, wote wazuri, wananisalimia na mikono miwili, wakaja na mashine zao kwa Luama, upande ya juu. Mashine inavuta maji, inapiga kando ya muto, udongo inaanguka, wanaiosha, wanatafuta dhahabu, na udongo inabaki kwa maji. Maji inashuka kwetu. Mwanzo tulisema ni mvua kule milimani. Mvua ikaisha, maji ikabaki nyekundu sawa chai ya maziwa. Wakati Luama ilivimba, ile chai ikaingia kwa kinywa ya muto, ikalala mule. Maji ikarudi, udongo ikabaki juu ya majani, nzito, laini, sawa uji ya mutoto umemwagika na hakuna mutu wa kupanguza. Mayai ya samaki iko chini ya ule uji. Unafikiri itapumua na nini?

Na sisi pia, tuseme ukweli, tulikuwa na musitikeri, zile neti za kulalia. Walitugawia kwa santé, kwa munganga, juu ya mbu. Vijana wakashona mbili tatu pamoja, wakavuta mu majani, hata samaki yenye kuwa sawa kucha ya mutoto ikatoka. Niliwatukana. Wakaniambia, "Koko, ndani ya maji nyekundu tutaona nyavu kubwa na nini?" Nikarudi nyumbani na matusi iliyobaki. Siku hizi narudi nayo mara mingi, na mimi sijazoea.

Mujukulu wangu akaoa. Binti ya Kasongo, mutulivu, macho makubwa, anajua kupika. Kwetu bibi ya mujukulu ni muke mwenzangu. Siku ya kwanza alipoleta maji ya kunawa nikamwambia, "Muke mwenzangu, huyu bwana tutamugawanya namna gani? Weye uchukue usiku, mi nichukue mufuko." Akaficha uso yake mu kitambaa anacheka. Nikampenda pale pale. Nikasema moyoni, huyu atazaa, na mimi nitamukamatia kambale yenye kuzidi zote, hata kama ni ya mwisho kukamata.

Juu ya hiyo, kiangazi ile nilikuwa na moyo moto. Tulikamua vidimbwi tukapata vitu vya kuaibisha. Tukakaa pale, miguu ndani ya matope, tukaanza kusema. Jirani yangu, huyu wa sauti kubwa, anaongea unafikiri anaita mutu ngambo ya muto, akasema, "Uchafu inaingilia wapi?"

Tukasema, "Kwa Luama."

"Na sisi tunajua kazi gani kupita wanaume wote wa hapa?"

Tukamwangalia.

"Kujenga ukuta," akasema.

Ndugu yangu, tulisimama sawa tumeitwa kula. Ukuta. Sisi ambao tumejenga ukuta ya udongo tangu maziwa haijatoka kifuani. Tukafanya salongo yetu ya wanamuke, kazi ya wote pamoja. Tukakata miti, tukapigilia, tukasuka matete, tukajaza udongo, tukakanyaga na miguu tunaimba, kutoka huku mpaka kule, kinywa yote ya muto. Wanaume walikuja kuangalia mikono mufukoni. Muto yetu ikajaa nyuma ya ukuta, ikapita juu kidogo kidogo, safi. Safi sana. Nikaona mawe chini. Nikaona vidole vyangu. Tulicheza pale, na vizee sisi, na mugongo ikakumbuka siku iliyofuata.

Mvua ya kwanza ikaja. Luama ikavimba, nyekundu, ikafika kwa ukuta, ukuta ikasimama. Upande yetu maji safi na majani ya kijani. Upande yake uchafu. Mimi nikasema, angalia wanamuke.

Asubuhi nikasikia kelele. Nikafikiri kuna mutu amezama.

Ilikuwa samaki. Zimekuja kutoka Luama, zimesikia harufu ya maji safi inayopita juu ya ukuta, zinataka kuingia. Zinagonga. Kambale zinapanda udongo na tumbo, zinaanguka, zinapanda tena. Zile zingine za magamba zinaruka, zinapiga ukuta na kichwa, pwa, pwa. Sikuwa najua kama Luama bado iko na samaki nyingi vile. Na kila moja, tumbo hivi. Mayai. Sisi tulikuwa tumefikiri uchafu tu. Hatukufikiri kama mama ya samaki naye anapita pale pale.

Na watu wakaja. Nani hatakuja? Samaki inakugonga miguuni. Walikuja na musitikeri, na panga, na mifuko, na ndoo, watoto wa masomo na kitabu kichwani. Wanazoa. Kesho yake wakaja wa mugini zingine. Piki piki zikapanga mustari kupeleka kwa soko ya Kasongo, na kule, wananiambia, watu walikula mayai ya samaki mpaka wakachoka. Na wote wakipita wanatushukuru. Kijana mmoja mwenye kuvuja jasho alinishika mikono miwili, "Aksanti, mama, kwa ule ukuta. Mungu awabariki." Mimi nimesimama pale na midomo wazi sawa samaki yenyewe.

Jirani yangu akachukua jembe avunje. Wanaume wakamwambia, "Mama, ngoja tumalizie kidogo." Akawatukana na ile sauti yake, wakacheka, wakazoa. Tulivunja wakati hakukubaki ya kuzoa. Na tulipovunja, unajua nini iliingia. Ile chai nyekundu yote, na nguvu, kwa sababu tulikuwa tumeizuia. Ikajaza majani. Ikalala mule, ikajisikia kwake.

Wanamuke wakakaa juu ya udongo uliobaki. Nikawaambia muzaha, nikasema sasa tumejua kuvua kupita wanaume. Mmoja alicheka. Ilikuwa mi mwenyewe.

Mwezi haikupita mingi, muke mwenzangu akaanza kukataa harufu ya mafuta. Nikajua. Furaha ikanipanda, na nyuma yake woga. Nikangoja bwana yangu ashuke kutoka kwa mashine. Nikamupikia fumbwa na sombe, vyote, nikamwacha ashibe kwanza, juu mwanaume mwenye njaa hasikilizi.

"Bwana yangu, bibi yetu ana mimba."

"Najua, koko."

"Mutoto atazaliwa kiangazi. Mi nitamukamatia nini?"

Akasukuma sahani. Anajua ile desturi, yeye mwenyewe alinyonya maziwa ya ile supu.

"Mashine ile," nikamwambia, "zima kidogo. Mvua inarudia, Luama itavimba mara nyingine. Zima mpaka maji isafike, samaki ziingie, halafu uwashe."

"Koko, nikizima yangu, mwenzangu anaingia kwa shimo yangu siku ile ile. Mashine iko nyingi kule, huwezi kusikia mutu anaongea. Yangu ni moja tu kati yao. Na yangu yenyewe haiko yangu, kuna mukubwa ameinunua, yeye iko mbali, mimi naye tunaongea kwa simu."

"Muambie kwa simu."

"Nimuambie nini? Koko yangu anataka samaki?"

"Ndiyo."

Akacheka, lakini cheko ya mutu anaumwa jino. Halafu akaangalia juu. Na mimi nikaangalia juu. Mabati. Ilikuwa inanyesha kidogo, tunasikia. Sasa weye niambie, ningesema nini, ile nyumba ningeipeleka wapi? Nikamwongezea sombe.

Kiangazi ikafika. Muke mwenzangu alikuwa amekwenda kwa mama yake Kasongo, juu mutoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Simu ikaita, mutoto mwanamuke, wote wawili wazima. Tukapiga vigelegele mpaka mbuzi zikakimbia. Nikachukua kitambaa changu, nikashuka kwa kinywa ya muto.

Wanamuke walinifuata. Hawakuwa na kitu cha kukamua, vidimbwi ilikuwa ya matope tu, na ile ya mwisho ilibaki sawa beseni ya kuogea. Wakasimama kando na karai zao kwapani. Nikaingia. Udongo ule ulinimeza mpaka mapajani, laini, baridi. Nikakaa. Nikatandika mikono chini ya maji, nikangoja. Jua ikapanda. Nikahema polepole, juu samaki inasikia moyo yako. Majani moja ilinigusa nikashtuka, nikapitisha mukono, majani.

"Amekuja?" jirani yangu akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue aliuliza na sauti ndogo.

"Bado amelala."

"Tumungoje."

Wakangoja. Hakuna aliyeniambia toka. Hakuna aliyeimba. Mugongo ikaanza kuniambia mambo yake, nikaiambia nyamaza. Wakati jua iligeuka, jirani yangu akaingia ndani ya matope na nguo yake nzuri ya kanisa, akanishika kwapani, akanitoa. Mukono yangu ilitoka tupu, nikaiosha mara mingi kwa ile maji chafu, sijui naosha nini.

Nikapanda piki piki mpaka Kasongo na sufuria mapajani. Ndani nilikuwa nimeweka ndagala, vile vidogo vya Tanganika vyenye kukauka, nimevipika na maji mingi, chumvi kidogo, bila pilipili. Motari aliniuliza, "Mama, iko nini yenye kunukia?" Nikamwambia angalia barabara.

Mama wa muke mwenzangu ni mutu wa mudomo, tunapendana juu ya hiyo. Akafunua sufuria.

"Mukwe, samaki ya kinywa ya muto yenu imekuwa kidogo hivi?"

"Imefunga kula," nikamwambia. "Iko mu carême."

Akacheka, nikacheka. Akaangalia uso yangu, akaacha kucheka, akaenda kutafuta kikombe.

Muke mwenzangu alikaa juu ya kitanda na mutoto, mdogo, mwekundu, ngumi imefungwa. Akakunywa supu yote. Viko vidagala vidogo, vilikuwa vinapanda kwa mudomo ya kikombe, anavirudisha na kidole. "Iko tamu, muke mwenzangu," akaniambia. Macho yake makubwa yale. Maziwa ilishuka, ndiyo, siku ya pili. Mutoto hakufa na njaa. Hiyo najua. Maziwa ingeshuka hata na maji ya moto, munganga aliniambia, na mimi nimemuamini. Lakini nilikuwa nimetaka kumupa kitu kimoja chenye kutoka kwetu.

Bwana yangu alifika jioni, ameshuka kutoka juu, suruali yake nyekundu na ule udongo mpaka magotini. Nikauangalia ule udongo. Ni ule ule. Nilikuwa nao bado chini ya kucha zangu. Akachukua mutoto, akamunusa kichwa, halafu akaja kukaa chini, karibu na miguu yangu, sawa zamani.

"Walinisimulia," akasema. "Ulikaa mpaka jua ikageuka."

"Nilikuwa napumzika."

"Koko."

"Hakukuja mutu kunitekenya," nikamwambia. "Miguu yangu imezeeka, haitamaniki tena."

Hakucheka. Akashika vidole vya miguu yangu, moja moja, anatoa matope iliyobaki.

"Na huyu mutoto akizaa, nani atamukalia?" nikauliza. "Hawa mabinti wa siku hizi hawataki kuketi ndani ya matope ambayo haina kitu. Na mimi siwasemi vibaya. Mutu atakaa juu ya nini? Niahidi utazima ile mashine."

Akaacha vidole vyangu. Muke mwenzangu pale kitandani aliacha kumutikisa mutoto, anamwangalia. Mama yake kwa mulango, na kikombe mukononi, anamwangalia. Sote wanamuke tunamwangalia.

"Ile siwezi kukuahidi, koko," akasema. "Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya, na weye utajua. Lakini siku miguu yako itakataa, mi nitashuka, nitavua suruali, nitafunga kitambaa chako kiunoni, nitaingia ndani ya kile kidimbwi na nitakaa. Wanaume wacheke. Samaki ikuwe ama isikuwe. Hakuna mutu atakamua pale."